Usalama wa mgonjwa kwenye vitengo vya upasuaji: maswali ambayo wauguzi wa Mwanza huuliza mara kwa mara

Kila dodoso la usalama wa mgonjwa linapopita vitengoni, wauguzi wenzangu wa wodi za upasuaji, thieta na rikavari (chumba anachozindukia mgonjwa baada ya upasuaji) hunirudishia maswali yale yale: kwenye chai ya saa nne, kwenye kundi la WhatsApp, au mtu amesimama mlangoni na karatasi mkononi hajui aijaze au afungie maandazi. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mpaka yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Penye jibu lililokwisha kutolewa nimekuelekeza kwa namba. Mimi ni muuguzi wa wodi, si mtafiti, na panapokuwa na maoni yangu utayatambua tu.

## Ya kuanzia

1. "Utamaduni wa usalama wa mgonjwa" maana yake nini hasa?

Ni mazoea ya kitengo pale ambapo hakuna anayesimamia. Mwongozo unasema jina la mgonjwa lithibitishwe kabla hajapewa usingizi. Lakini saa nane za usiku, mgonjwa wa tano wa dharura yuko mezani na wote mmechoka, kinachoamua kama kuna mtu atafungua mdomo kuthibitisha ni mazoea yenu. Mwongozo umebandikwa ukutani. Mazoea anayakuta muuguzi mpya siku yake ya kwanza, pale anapoambiwa, "Hapa sisi huwa tunafanya hivi."

Mimi nikitaka kukijua kitengo huuliza swali moja: mtu wa mwisho aliyesema hapa "jamani, nimekosea" alifanywa nini kesho yake? Jibu kila mtu analo, hata aliyehamia mwezi jana.

2. Kwa nini wanaulizwa wauguzi zaidi ya wengine?

Kwa sababu ndio wanaokaa na mgonjwa. Daktari anapita raundi, anaandika, anaenda thieta. Presha ya mgonjwa ikianza kushuka kidogo kidogo kuanzia saa tano usiku, anayeiona ni muuguzi, na yeye ndiye anayeamua kama anampigia daktari simu au anasubiri "labda itapanda." Anasubiri kwa sababu gani? Hilo ndilo dodoso linalotaka kulijua.

Kuna na sababu ya pili. Tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba viongozi huipa hospitali alama za juu kuliko watu wa zamu. Mganga mfawidhi anaona taarifa zilizofika mezani kwake, muuguzi anaona na zile ambazo hazikufika.

Tahadhari moja: mtazamo haupimi madhara yenyewe. Unaweza kuona kitengo chenu ni salama kwa sababu hujawahi kuonyeshwa hesabu ya vidonda vilivyopata maambukizi. Kwa hiyo matokeo ya dodoso yanatakiwa yakae pembeni ya takwimu: waliorudishwa thieta, waliopata usaha, waliofariki.

3. Mbona upasuaji unasemwa sana? Wodi nyingine hazina makosa?

Yapo kila mahali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara yatokanayo na huduma yenyewe, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Upasuaji unatajwa sana kwa sababu mgonjwa amelala. Hawezi kusema "sista, ni mguu wa kushoto." Halafu anapita mikononi mwa watu wengi: wodi, mapokezi ya thieta, meza, rikavari, wodi tena. Kila anapokabidhiwa kuna neno linalodondoka njiani.

Na kuna kidonda. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, shirika hilo hilo lilieleza mwaka 2016 kwamba takriban asilimia 11 ya wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Mkono usionawa hapo una uzito kuliko kwingine.

4. Haya si mambo ya Wazungu tu yanayoletwa na miradi?

Swali hili huulizwa na wakongwe, na nalielewa. Miradi imekuja na fulana zake na ikaondoka. Lakini cheklisti ya upasuaji salama (orodha ya mambo ya kuthibitisha kwa kila mgonjwa) ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa 2008, ilijaribiwa katika hospitali za miji 8: Seattle, Toronto, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara. Ndiyo, Ifakara hii ya Morogoro. Matokeo ya jumla yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wauguzi wa Kitanzania walikuwemo tangu siku za mwanzo.

Kilicho cha kigeni ni dodoso lenyewe, na hapo una haki ya kulalamika. Angalia swali la 8.

## Kuhusu dodoso

5. Linauliza nini?

Linalotumika sana duniani lilitengenezwa na wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia ubora wa huduma za afya, likatoka 2004 na kufanyiwa marekebisho 2019. La kwanza lina vipengele 42 kwenye maeneo 12: ushirikiano ndani ya kitengo, ushirikiano kati ya vitengo, idadi ya watumishi, msimamizi wako anavyopokea mawazo, uhuru wa kusema, kuripoti, makabidhiano, na hofu ya kuadhibiwa. Unachagua kati ya "sikubaliani kabisa" na "nakubaliana kabisa." Mwishoni unaulizwa umeripoti matukio mangapi ndani ya miezi 12. Hapo ndipo watu hutazamana na kucheka.

6. Nikijaza ukweli, bosi atajua ni mimi?

Jina haliandikwi, lakini usidanganyike kwamba jina ndilo pekee linalokutaja. Dodoso linauliza kitengo, kada na miaka ya kazi, na watafiti wengine huongeza umri na jinsia. Kama rikavari mko sita na mwanaume ni wewe peke yako, umeshajulikana. Nilishamwona kaka mmoja anaruka sehemu hizo zote kwa sababu hiyo, na hakukosea.

Cha kufanya kabla hujajaza: uliza nani anakusanya karatasi na zinakaa wapi. Karatasi inayopitia mezani kwa inchaji (muuguzi msimamizi wa kitengo) ikiwa wazi si ya siri, hata ikiwa imeandikwa SIRI juu yake. Sanduku lenye kufuli, au bahasha unayoifunga mwenyewe, vinatosha. Uliza pia kama matokeo ya vitengo vyenye watu wachache yataunganishwa na mengine. Mtafiti makini atakuwa na jibu tayari. Akibabaika, acha sehemu ya umri na jinsia wazi, jaza mengine.

7. Nijaze hali ilivyo au inavyotakiwa kuwa?

Ilivyo. Tumezoea mitihani, na ukaguzi wa mkoa ukija tunapanga kila kitu siku moja kabla, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye jibu "sahihi." Hapa hakuna sahihi.

Angalia pia sentensi zilizogeuzwa. Kuna moja inasema, kwa maneno yangu, kwamba ni bahati tu kuwa makosa makubwa hayajatokea hapa. Ukiikubali hiyo, unakisema vibaya kitengo chako. Anayeweka tiki safu moja kuanzia juu mpaka chini hujulikana palepale, na karatasi yake huwekwa kando.

8. Lipo kwa Kiswahili?

Omba la Kiswahili na ulisome kwa sauti kabla halijasambazwa. Tafsiri nyingine zinakwenda neno kwa neno mpaka maana inapotea: "tukio" mtu anadhani ni ajali ya pikipiki, "uongozi" mwingine anadhani ni serikali ya mtaa. Na kuna maswali yaliyoandikwa kwa hospitali zenye wafamasia wa usiku na kompyuta kila kitanda. Kama swali halihusiani na kwenu, chagua "halinihusu" kama ipo. Usikisie.

9. Asilimia za matokeo zinasomwaje?

Kinachohesabiwa ni majibu chanya tu. Wa katikati, wale wa "sina uhakika," hawaingii upande wa chanya. Eneo likifika asilimia 75 au zaidi huitwa eneo la nguvu. Likiwa chini ya 50, linahitaji kazi.

Ramani ya matokeo hufanana sana nchi kwa nchi: ushirikiano ndani ya kitengo huwa juu, idadi ya watumishi na hofu ya adhabu huwa chini. Ukiyaona hayo kwenye kitengo chenu usishtuke. Shtuka uongozi ukiyasoma, upige makofi kwa lile la kwanza, kisha upite haraka kwenye hayo mawili.

10. Sisi tumepata juu karibu kila eneo. Tufurahi?

Kwanza rudi kwenye swali la 6. Alama za juu kutoka kwa watu wenye hofu ni hofu tu iliyowekwa kwenye jedwali.

## Kazini kwenyewe

11. Cheklisti tunaijaza kila mgonjwa. Hiyo si tosha?

Inategemea mnaijaza lini. Cheklisti ina vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kuchana, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ina vipengele 19, na vyote ni vya kusemwa kwa sauti. Kama muuguzi anakaa pembeni mgonjwa akiwa ameshashonwa, anaweka tiki 19 kwa kalamu moja kwa dakika moja, hiyo ni karatasi ya faili.

Kipengele kinachorukwa kuliko vyote, kwa ninavyoona, ni kile cha kila mtu kutaja jina lake na kazi yake kabla ya kuchana. Watu wanaona aibu: "Tunajuana bwana." Lakini mwanafunzi aliyesimama nyuma hamjuani. Na mtu aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja chumbani hufungua mdomo kirahisi zaidi mara ya pili, akiona jambo haliko sawa.

Cha pili ni dawa ya kuzuia maambukizi. Swali lililopo ni kama imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Mara nyingi jibu huwa "alipewa wodini," na hakuna anayeuliza ilikuwa saa ngapi.

12. Hesabu ya gozi haijatimia na daktari anasema "funga tu." Nifanye nini?

Sema kwa sauti, kwa namba: "Dokta, hesabu haijatimia. Tulianza na gozi 20, ninazo 19." Usiseme "nadhani." Usimnong'oneze msaidizi akusemee. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu, kufunga kunasimama, mnahesabu upya wawili, mnatafuta tumboni, kwenye mashuka, kwenye ndoo, sakafuni. Ndoo na nguo chafu zisitoke chumbani mpaka hesabu ya mwisho. Zikitoka mapema, umepoteza nusu ya sehemu za kutafuta. Isipopatikana, picha ya eksirei ipigwe. Kumbuka kwamba gozi inayoonekana kwenye eksirei ni ile yenye uzi maalumu ndani yake. Zile za kukata wenyewe kutoka kwenye bunda la kawaida hazionekani, kwa hiyo zisiingie kwenye tumbo lililo wazi tangu mwanzo. Kisha andika: namba, nani alijulishwa, saa ngapi, akajibu nini.

Hayo ni maelekezo. Sasa nikueleze inavyokuwa. Usiku mmoja, miaka ya nyuma, nilikuwa muuguzi wa kuzunguka thieta, gozi moja ikakosekana. Nikasema. Daktari hakuinua uso: "Sista, hesabu vizuri." Nikahesabu, 19. Akasema tena, nikahesabu tena, na mtu wa usingizi akaanza kutazama saa. Zilipita dakika 11, naikumbuka saa ile ya ukutani. Tukaipata imenata kwenye soli ya buti la msaidizi. Wote wakacheka, tukafunga, na mpaka leo hakuna aliyesema asante. Nilichojifunza ni kwamba kicheko kile kilikuwa hatari kuliko ukali. Mwanafunzi aliyekuwepo aliona kuwa kusimamisha kazi kwa ajili ya gozi iliyoishia kwenye buti ni kujiaibisha. Siku hizi, ikipatikana popote pale, namshukuru aliyesema, na kwa sauti.

13. Kupokezana zamu kwetu ni "wote wazima, kasoro kitanda cha 7." Kuna shida?

Kubwa. Mgonjwa aliyetoka thieta saa nane mchana, zamu ya jioni inatakiwa ijue: kafanyiwa nini, katokwa damu kiasi gani, mipira aliyonayo na inatoa nini, dawa ya maumivu ya mwisho saa ngapi, mkojo, na jambo gani likitokea daktari aitwe mara moja. Mkabidhiane mkiwa kitandani, si mezani. Mezani unasikia "dreni inatoa kidogo." Kitandani unaona chupa imejaa damu mbichi.

Ukimpigia daktari usiku, mpe mambo manne kwa mpangilio: hali ilivyo sasa, mgonjwa alikotoka, wewe unaonaje, unaomba nini. Hilo la nne tunaliogopa. "Naomba uje umwone" ni maneno matatu tu, lakini wengi tunaishia kwenye "nakutaarifu tu dokta," na yeye anajibu "sawa," simu inakatwa.

14. Wodini tuna Kulwa watatu na Doto wawili. Tunawatofautishaje?

Kanda ya Ziwa hii, mapacha ni Kulwa na Doto, anayefuata ni Shija, na ukoo mzima unaweza kuwa na Masanja sita. Jina moja halitoshi. Tumia majina matatu na namba ya faili, na kama bangili za mkononi hazipo, plasta iliyoandikwa vizuri ibandikwe mkononi kwa mgonjwa. Isibandikwe kwenye kitanda. Vitanda hubadilishwa (angalia swali la 17, mimi ninajua).

Jambo jingine: usimuulize mgonjwa "wewe ni Kulwa?" Atajibu ndiyo. Mama wa makamo aliyetoka Kwimba, anayeongea Kisukuma zaidi ya Kiswahili, hawezi kumkatalia sista aliyevaa nyeupe. Muulize "jina lako nani, mayu?" umwache ataje mwenyewe. Upande wa kufanyiwa upasuaji pia aonyeshe kwa mkono wake, kabla hajachomwa dawa yoyote ya kumtuliza.

15. Tuko wawili kwa wagonjwa 40. Huo utamaduni utaujenga wapi?

Sitakuambia ujitahidi. Idadi ya wauguzi ni suala la usalama na lina ushahidi mzito. Utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa 2014, kwa wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huongeza uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 kwa asilimia 7. Anayesema wauguzi "wanalalamika tu" asome hiyo.

Unachoweza kufanya ukiwa wawili ni kuamua mapema nani anapimwa kwanza na kuandika ukweli. Kama hukupima saa sita, acha wazi, andika sababu. Kujaza vipimo vya kubuni, 120/80 kitanda kwa kitanda, ni kosa ambalo wengi wetu tumelifanya. Linamdhuru mgonjwa, na juu ya hapo linauambia uongozi kwamba wawili mnatosha.

## Makosa na kuripoti

16. Tukio gani linaripotiwa? Mpaka mtu aumie?

Hapana. Kuna madhara: mgonjwa ameumia. Kuna kosa lililomfikia lakini halikumdhuru. Na kuna nusura: dawa ilishavutwa kwenye sindano, ukaliona jina, ukasimama. Nusura ndizo nyingi, na ndizo za bure, maana funzo unalipata bila mtu kulipa. Ziripoti zote tatu.

17. Nikiripoti nitaandikishwa barua ya kujieleza?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloamua mengine. Kwenye dodoso lipo, kwa maneno ya Kimarekani: je, tukio linaporipotiwa, anayeandikiwa ni mtu au ni tatizo? Wauguzi wetu hulicheka kwa sababu wanaijua ile barua.

Nami niliwahi kuiandika, katika hospitali ambayo siitaji. Nilimchoma mgonjwa dawa ya jirani yake. Walikuwa wamebadilishana vitanda jioni ili mmoja awe karibu na dirisha, na sisi tulikuwa tunatoa dawa kwa namba ya kitanda. Bahati, hakudhurika. Nilisema mwenyewe asubuhi. Nikaambiwa nijieleze ndani ya saa 24. Niliandika mistari minne, ya mwisho ikiwa "naahidi sitarudia." Barua ikaingia kwenye faili langu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini tunatumia namba za vitanda. Miezi kadhaa baadaye dada mwingine alifanya kosa lile lile, wodi ile ile. Yeye hakusema kwa mtu. Aliniambia mimi, chooni, kwa kunong'ona.

Kwa hiyo jibu la kweli: inategemea unapofanya kazi. Mahali pengine ripoti inakwenda kwa timu ya kuboresha huduma na inaishia kwenye kubadilisha utaratibu. Mahali pengine inaishia kwenye faili lako. Kama kwenu ni ya pili, anzeni na nusura, bila majina, kwenye daftari la kitengo: nini kilitaka kutokea, saa ngapi, nini kilichangia. Mwombeni inchaji au matroni aahidi mbele ya wote kwamba daftari hilo halitatoa barua. Akiivunja ahadi mara moja tu, daftari limekufa, na hatahitaji kuambiwa.

18. Basi asilaumiwe mtu yeyote? Na mlevi je?

Anayekuja zamu amelewa, anayeiba dawa za maumivu, anayejua utaratibu na kuupuuza kwa makusudi, hao wana njia yao: mwajiri, na ikibidi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hakuna anayesema wasamehewe. Tunayemtetea ni yule ambaye muuguzi mwingine yeyote mzuri, akiwekwa mahali pake, usiku ule, na wagonjwa wale, angefanya vile vile. Kumwadhibu huyo ni kuacha mtego palepale na kumbadilisha wa kunaswa.

19. Tangu tuanze daftari, matukio yameongezeka. Tumeharibika?

Inaelekea mmepona. Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali miaka ya 1990 akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zenye makosa mengi kwenye rekodi, kwa sababu watu wake walikuwa hawaogopi kuyasema. Msilinganishe idadi ya ripoti na wodi jirani kama ligi. Angalieni kama madhara yenyewe yanapungua.

20. Mgonjwa na ndugu zake waambiwe?

Waambiwe, lakini si na wewe peke yako koridoni. Mjulishe daktari na inchaji, mkae nao mahali tulivu, waelezwe kilichotokea, kinachofanyika sasa, na waombwe radhi. Ndugu wa mgonjwa wakisikia kwa mfagizi kwanza, hakuna maelezo yatakayoaminiwa baadaye.

## Ya pembeni

21. Mimi ni mwanafunzi, au najitolea. Nina sauti gani?

Jicho unalo, na halijazoea bado. Wewe ndiye utakayeuliza "mbona mgonjwa huyu hajawekewa alama?" wakati sisi tumeshaacha kuona. Uliza kama swali: "Samahani sista, ni kulia au kushoto? Naona faili linasema kushoto." Swali la adabu linasimamisha mkono kama amri inavyosimamisha. Ukifokewa, mwambie mwalimu wako siku hiyo hiyo.

22. Mgonjwa kaletwa kwa rufaa na karatasi haina kitu. Kosa linahesabiwa kwa nani?

Kwanza mhudumie. Hospitali ya kanda ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, hupokea wagonjwa wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na hata hospitali ndogo za mkoani hupokeana kila siku. Kutoka Sengerema na Geita safari imefupika tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Wa Ukerewe bado anasubiri chombo cha majini, na kusubiri huko kunapaswa kuandikwa kwenye karatasi yake: alipewa nini, saa ngapi, kabla ya kupanda. Isipoandikwa, utampa tena dawa aliyokwisha kupewa.

Ripoti kama tukio la makabidhiano kati ya vituo, halafu pigia simu kituo kilichomtuma. Usipige kugomba. Mara nyingi utakuta muuguzi mmoja aliyekuwa anamzalisha mama mwingine huku anaandika rufaa kwa mkono wa pili.

23. Ndugu wanaokaa na mgonjwa ni msaada au hatari?

Vyote. Wanalisha, wanageuza, wanatuita. Lakini ndugu ndiye aliyempa uji babu mmoja asubuhi ya upasuaji kwa sababu "hawezi kulala njaa," na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba uji ule ungeweza kuingia kwenye mapafu akishalala usingizi. Mweleze sababu, kwa lugha anayoielewa, kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake. Akirudisha sawasawa, umepata mlinzi wa zamu nzima.

24. Tunayo S tano, ule utaratibu wa kupanga mahali pa kazi. Hii ni tofauti?

S tano ni ya vitu: kila trei mahali pake, kila kabati na lebo. Inasaidia sana, maana sindano ya dharura unaipata gizani. Lakini nimeona kabati lililopangwa kama duka la vipodozi, na mbele yake muuguzi anayejua dokta anakosea upande, amekaa kimya.

25. Dodoso lilipita mwaka jana, matokeo hatujayaona. Tujaze tena?

Mwulize anayelileta, mbele ya wote, matokeo ya lile la kwanza yako wapi. Akiwa nayo, aweke ubaoni kabla hujashika kalamu. Akiwa hana, una haki ya kukataa, maana kujaza ni hiari na karatasi ya ridhaa inasema hivyo. Mimi bado huwa najaza. Kwenye nafasi ya maoni, ukurasa wa mwisho, naandika kila mara kitu kile kile: naomba bangili za mkononi.